Mchoraji wa Manowari Alilipwa, na Bado Tunamhitaji

Makumbusho ya Amsterdam yana picha moja ya rangi za mafuta, pana zaidi ya mita 3, ambayo Willem van de Velde Mdogo aliichora mwaka 1686. Ni picha ya manowari iitwayo Gouden Leeuw, yaani Simba wa Dhahabu, ikiwa kwenye maji ya IJ huku vyombo vidogo vimeizunguka na mji wa Amsterdam umetanda nyuma yake. Mwaka uliofuata mchoraji huyohuyo aliichora tena meli hiyohiyo, safari hii ikiwa vitani, katikati ya moshi wa mizinga, na picha hiyo ya pili iko Greenwich, Uingereza. Mnamo Septemba 2019 makumbusho yale ya Amsterdam yalitangaza kwamba hayataiita tena karne ya 17 ya Uholanzi “Enzi ya Dhahabu”, kwa hoja kwamba jina hilo linawafuta watu waliougharimia utajiri ule kwa umaskini, vita, kazi za shuruti na biashara ya binadamu. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mark Rutte, alisema huo ni upuuzi. Uamuzi ule haukugusa picha yoyote ukutani, lakini swali lilikwisha kuingia chumbani: tuitazame vipi picha nzuri ya chombo cha vita, iliyochorwa kwa fedha za wenye vita?

Majibu yanayosikika zaidi ni mawili. Wapo wanaosema hii ni sanaa, tuitazame bahari na mawingu, tuache siasa mlangoni. Wapo wanaosema hili ni tangazo la dola, mchoraji alikuwa mpiga debe wa wakubwa, na kinachostahili ni kulishusha ukutani au walau kulipuuza. Mimi naona pande zote mbili zinakimbia kazi. Van de Velde alikuwa shahidi wa kulipwa. Mahakamani shahidi wa namna hiyo hafukuzwi moja kwa moja, wala hasadikiwi moja kwa moja. Huulizwa kwanza: aliyekulipa alikuwa na uwezo wa kukubaini ukidanganya kuhusu jambo gani, na alitaka unyamaze kuhusu lipi? Kwenye jambo la kwanza ushahidi wake una nguvu kuliko wa mtu aliyekuwa akipita njia. Kwenye la pili hauna thamani, isipokuwa kwa kutuonyesha pale ulipokatika.

Tuanze na namna kazi yenyewe ilivyofanyika, maana hapa ndipo watu wengi wanapomdhulumu mchoraji wa meli kwa kudhani alikaa chumbani akaota bahari. Baba yake, aliyeitwa pia Willem van de Velde, alizaliwa Leiden mwaka 1611 na alikuwa akienda vitani na karatasi zake. Katika mapigano ya Scheveningen ya mwaka 1653, kati ya Waholanzi na Waingereza, alikuwa baharini ndani ya chombo kidogo cha matanga, na katika michoro yake ya vita hivyo alijiweka mwenyewe humo, mtu mdogo anayechora huku mizinga ikilia. Katika Vita vya Siku Nne vya Juni 1666 alikuwepo tena, na amiri wa Kiholanzi Michiel de Ruyter aliagiza kwamba nahodha wa chombo kimoja ampeleke mchoraji kokote atakakotaka. Kazi ya baba ilikuwa kuona na kurekodi: urefu wa ubavu, idadi ya matundu ya mizinga, mwinamo wa milingoti, nakshi za shetri. Alichora kwa wino juu ya mbao zilizopakwa weupe, mstari mmoja mmoja, mpaka kila kamba ikaonekana inatoka wapi na inafungwa wapi. Mwana, aliyezaliwa mwaka 1633, alifundishwa rangi na mchoraji Simon de Vlieger, akawa yeye ndiye anayeitia michoro ile mawingu, upepo na maji. Michoro haikutupwa. Ilihifadhiwa kama ghala, na ilipohitajika walibandika karatasi mpya juu ya mchoro wa zamani na kuusugua ili kupata nakala. Makumbusho ya bahari ya Greenwich peke yake yana zaidi ya michoro 1,000 ya familia hii, na mamia mengine yako Rotterdam.

Bidii hii haikutoka kwa tabia njema tu ya baba na mwana. Ilitokana na wateja. Mwaka 1672, ambao Waholanzi wanaukumbuka kama mwaka wa maafa, Ufaransa, Uingereza na maaskofu wa Münster na Cologne waliivamia Uholanzi kwa pamoja. Biashara ya picha ikaanguka, na Mfalme Charles II wa Uingereza akatoa tangazo la kuwakaribisha Waholanzi waliotaka kuhamia kwake. Baba na mwana wakahamia London majira ya baridi ya mwaka huo. Mwaka 1674 mfalme aliagiza kila mmoja alipwe pauni 100 kwa mwaka, baba kwa kuchora mapigano ya baharini na mwana kwa kuyatia rangi, nao wakapewa nafasi ya kufanyia kazi katika Jumba la Malkia huko Greenwich. Mdogo wake mfalme, James, aliyekuwa na cheo cha Duke wa York, aliongeza pauni 50 kwa kila mmoja. James huyu hakuwa mpenda picha tu. Alikuwa Mkuu wa jeshi la majini la Uingereza hadi mwaka 1673, na aliongoza kikosi mwenyewe katika mapigano ya Lowestoft mwaka 1665 na ya Solebay mwaka 1672. Mtu wa namna hii ukimchorea manowari ambayo foromali yake imekaa pasipo mahali pake, au tanga limejaa upepo upande ambao bendera inakanusha, anakukamata kabla rangi haijakauka. Kwa habari ya chombo, basi, mlipaji alikuwa ndiye mkaguzi, na mchoraji alijua.

Kwamba ukaguzi huo ulizaa kitu cha kutegemewa, tuna njia ya kuupima nje ya picha zenyewe. Meli ya mbao ikizama, sehemu ya chini inayofunikwa na tope huweza kudumu karne nyingi: mkuku, baadhi ya mataruma, mbao za tumbo. Sehemu ya juu, yaani sitaha za juu, shetri, nakshi, milingoti na kamba, huliwa na wadudu watoboao mbao na kubomolewa na mikondo. Manowari ya Kiingereza iliyoitwa London ililipuka mwaka 1665 kwenye mlango wa mto Thames na kuua watu wapatao 300, na mabaki yake bado yamelala huko chini. Tunachokijua kuhusu umbo lake la juu kinategemea sana mchoro wa Van de Velde Mkubwa. Waholanzi walioanza mwaka 1995 kuijenga upya meli ya De Ruyter, De Zeven Provinciën, huko Lelystad, nao walirudi kwenye michoro ya familia hiyohiyo. Pwani yetu inatoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1697, wakati Ngome ya Yesu ya Mombasa imezingirwa na Waomani, meli ya kivita ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta za ngome. Wazamiaji wa kisayansi waliifukua kati ya mwaka 1977 na 1980, wakapata sehemu ya tumbo lake pamoja na vyombo na silaha vinavyoonyeshwa leo katika jumba la makumbusho la ngome. Lakini anayetaka kujua shetri yake ilisimama vipi juu ya maji analazimika kukisia kwa kuilinganisha na meli nyingine za Kireno. Haikuwa na Van de Velde wake.

Pingamizi la kwanza linaloletwa dhidi ya shahidi huyu ni la uaminifu. Alikuwa Mholanzi, nchi yake ikiwa vitani akahamia kwa adui, akapokea mshahara wa mfalme aliyekuwa ameishambulia nchi yake. Baadaye, mwaka 1686, akarudi Amsterdam na kuwachorea wasimamizi wa bandari Gouden Leeuw, meli ambayo mwaka 1673 ilikuwa imebeba bendera ya amiri Cornelis Tromp dhidi ya Waingereza haohao. Mwenye hasira ya kizalendo atasema huyu ni mtu wa kununuliwa, na kalamu ya kununuliwa haiaminiki. Nadhani hapa hasira inapotosha hesabu. Mchoraji anayeuzia pande mbili ana wakaguzi wa pande mbili. Tromp na maofisa wake waliijua Gouden Leeuw kwa kuilalia, na Waingereza waliijua kwa kupigwa nayo. Ubao uliozidishwa kwa kumpendeza mmoja ungemharibia soko kwa mwingine. Zaidi ya hayo, mtu aliyechora meli za mataifa yote mawili kwa mkono uleule na kwa vipimo vilevile ametuachia kitu ambacho mzalendo wa upande mmoja asingeweza kutuachia: njia ya kulinganisha. Tunaona tofauti ya shetri ya Kiholanzi, yenye ubao bapa uliochongwa alama inayobeba jina la meli, na ile ya Kiingereza iliyojaa nembo za kifalme, bila kujiuliza kama tofauti hiyo ni ya meli au ya wachoraji wawili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali kwa sehemu. Picha ya Greenwich inaonyesha mapigano ya Texel ya tarehe 21 Agosti 1673, lakini ilichorwa mwaka 1687, miaka 14 baadaye. Siku ya mapigano familia ya Van de Velde ilikuwa tayari imehamia Uingereza; mwana hakusimama kwenye sitaha ya Gouden Leeuw akaona kinachotokea. Meli iko katikati, ubavu wake umewashwa moto, na nyuma yake Royal Prince, meli ya amiri wa Kiingereza Edward Spragge, imepoteza mlingoti mkuu na wa galme. Je, mambo yalikaa hivyo kweli, kwa mpangilio huo, kwa dakika hiyo? Hapana, na hakuna vita vinavyokaa hivyo. Spragge alilazimika kuiacha Royal Prince, akahamia meli nyingine, na alipojaribu kuhama tena mashua yake ikapigwa naye akazama. Yote hayo yalichukua saa nyingi, katika moshi ambao uliwafanya hata waliokuwepo wasielewane baadaye nini kilitangulia. Mchoraji amechagua saa moja akaipanga upya ili Gouden Leeuw ionekane bwana. Lakini angalieni kilichopangwa na kisichopangwa. Mpangilio wa meli baharini ni wa kubuni, na mtu akinukuu picha hii kama ramani ya vita, amekosea. Meli yenyewe haikubuniwa. Ilijengwa Amsterdam mwaka 1666, mchoraji alikuwa na michoro ya kutosha ya kuirudia, na mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ameichora ikiwa mbele ya mji ambao kila fundi wake wa gudi aliitambua. Shahidi anaweza kusema kweli kuhusu sura ya mtu na bado akaongeza chumvi kuhusu alichofanya mtu huyo. Hakimu mzuri anayatenga hayo mawili.

Sasa tuje kwenye ukimya, ambako ndiko shahidi wa kulipwa anakolipwa hasa. Manowari kubwa ya wakati ule ilibeba mamia ya watu. Katika picha hizi tunaona vichwa, mikono kwenye kamba, kofia za maofisa; hatuoni ni nani walikuwa humo kwa hiari na nani walikamatwa mitaani. Jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na desturi ya kuwakamata mabaharia kwa nguvu, na likiishiwa fedha liliwalipa kwa hati ambazo wanyonge walizipeleka kwa wafanyabiashara na kupokea pungufu ya thamani yake. Waholanzi walipoingia mto Medway mwaka 1667 na kuteketeza meli za Waingereza huko Chatham, Samuel Pepys, mtumishi mkuu wa ofisi ya jeshi hilo, aliandika katika shajara yake habari za mabaharia Waingereza waliokuwa ndani ya meli za Kiholanzi wakipaza sauti kwamba zamani walipigania hati na sasa wanapigania fedha taslimu. Tukio hilo lingefaa sana kuchorwa. Hakuna amiri, wa upande wowote, ambaye angelilipia.

Ukimya mkubwa zaidi uko mbali na Ulaya, na unatuhusu Waafrika. Meli hizi hazikugombea heshima tu. Waholanzi waliitwaa ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, kutoka kwa Wareno mwaka 1637, na kampuni yao ya nchi za magharibi ikaifanya kituo cha dhahabu na cha watu waliouzwa ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1664 Robert Holmes, akiitumikia kampuni ya Kiingereza iliyofadhiliwa na ukoo wa kifalme, aliviteka vituo kadhaa vya Waholanzi katika pwani ya Afrika Magharibi, kikiwemo kisiwa cha Gorée. Mwaka huohuo De Ruyter, ambaye baadaye alimpa Van de Velde Mkubwa chombo cha kuchorea, alitumwa na kikosi chake hadi Afrika Magharibi kuvirudisha, akairudisha Gorée na vingine kadhaa. Ugomvi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za vita vilivyotangazwa mwaka 1665. Na yule James wa pauni 50? Ndiye aliyekuwa gavana wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1672, kampuni ambayo kwa muda wa uhai wake ilisafirisha Waafrika watumwa wengi kuliko taasisi nyingine yoyote moja katika biashara ya Atlantiki. Sisemi kwamba senti zilizonunua rangi za Greenwich zilitoka moja kwa moja kwenye mauzo ya mtumwa fulani. Vitabu vya hesabu havisomwi kwa ushairi. Nasema kwamba mkono uliomlipa mchoraji wa manowari na mkono uliotia muhuri biashara ile ulikuwa mmoja, na kwamba manowari ndizo zilizoamua nani atapata vituo vya Gorée na Elmina. Katika picha za Gouden Leeuw hakuna hata dokezo la hayo. Mlipaji hakuwa na sababu ya kulidai, na shahidi hakuwa na sababu ya kulitaja.

Hapa mpenda sanaa ataingilia kati: unaigeuza picha kuwa karatasi ya mahakama, na kuua kinachoifanya ipendeze. Bahari ile, mwanga unaopenya moshi, wingu linaloahirisha mvua, vyote umevipita kana kwamba havipo. Sivipiti. Naona tu kwamba uzuri huo ni sehemu ya ushahidi, si pazia la kuuficha. Van de Velde Mdogo alijua upepo. Katika kazi zake bora, kwa mfano ile ya meli iliyopigwa na dhoruba ya ghafla ambayo iko Rijksmuseum, mawimbi, bendera, mlalo wa chombo na matanga yanayopunguzwa vyote vinakubaliana kuhusu upepo mmoja unaotoka upande mmoja. Nahodha yeyote wa jahazi anayejua goshi na demani angeweza kusema hatua gani inafuata. Uzuri wa namna hiyo umetokana na kujua, na mtazamaji asiyeuliza meli ilikuwa inafanya nini ameiona nusu tu. Kwa kweli watetezi wa “sanaa tupu” ndio wanaomshusha mchoraji huyu hadhi, kwa kumfanya mpambaji wa sebule.

Na yule wa upande mwingine, anayetaka picha ishushwe, namwelewa kuliko anavyodhani. Ametazama picha nyingi za utukufu ambazo watu wake hawamo. Lakini afikirie kinachoondoka picha ikiondoka. Inaondoka sura halisi ya chombo kilichofanya biashara ile iwezekane, pamoja na majina ya waliolipa ili kionekane hivyo. Ukimya hauonekani mpaka kuwe na maneno kandokando yake; ni kwa sababu picha hizi ni sahihi mno kuhusu kamba na nakshi ndiyo maana tunaweza kuuliza kwa nini jicho lililohesabu kila tundu la mzinga halikuhesabu watu. Mchoraji mzembe angetupa kisingizio kwamba labda hakuona.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mashahidi wa karne ileile ambao hakuna aliyewalipa kuchora. Katika Ngome ya Yesu, Wareno waliokuwa zamu waliacha ukutani michoro ya makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, makanisa, watu. Vipimo vyake ni vya kubahatisha na fundi wa meli hapati mengi ya kujifunza humo. Kwa upande wa ufundi, Van de Velde anawashinda kwa mbali sana. Lakini hakuna amiri aliyewapangia wachore nini, kwa hiyo kilichomo ni kile walichokuwa wakikiwaza wenyewe. Mtafiti wa meli za karne ya 17 anawahitaji wote, kila mmoja kwa swali lake.

Kwa hiyo ninalolitaka kwa makumbusho ya Amsterdam na Greenwich ni dogo na linawezekana. Mwaka 2023 Greenwich ilifanya maonyesho makubwa kuadhimisha miaka 350 ya familia hii kufika Uingereza. Mwaka huohuo, Julai mosi, Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi kwa ajili ya utumwa. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye kibao kimoja. Kando ya picha ya manowari paandikwe mizinga, tani na mwaka wa kujengwa, kama ilivyo desturi. Kisha paandikwe aliyeilipia picha, cheo chake vitani, na kampuni aliyokuwa na hisa au uongozi ndani yake, pamoja na pwani ambako kampuni hiyo ilifanya biashara. Kwa upande wa James hata utafiti mpya hauhitajiki: hati ya mwaka 1672 ipo, na malipo ya wachoraji yanajulikana.